Puto la watalii na nyaya za stima: Je, rubani wako ni mzima?

IKIWA umewahi kulala katika hema za wageni kule Maasai Mara, huenda uliamshwa alfajiri na mngurumo wa moto wa gesi. Ulipochungulia nje uliona puto kubwa, refu kuliko nyumba ya ghorofa tano, likijazwa hewa moto huku watu wakiingia kikapuni mmoja mmoja. Baada ya saa moja hivi watu hao walikuwa wameketi nyikani wakistaftahi, kila mmoja akisimulia jinsi nyumbu wanavyoonekana kutoka juu.

Starehe hii ilianza hapa nchini mwaka wa 1976, pale mpiga filamu za wanyama Alan Root alipoanzisha safari za puto za kulipiwa katika Mara. Kwa miaka mingi abiria walikuwa hasa wageni kutoka ng'ambo. Siku hizi si ajabu kusikia kwamba jirani yako wa Buruburu amempeleka mkewe kupanda puto wakiadhimisha miaka 10 ya ndoa, ama kwamba binamu aliyehamia Texas amewaalika wazee wake wapande huko.

Makala haya hayakusudii kukutisha, msomaji. Wapandao puto na kushuka wakicheka ni wengi mno kuliko wanaoumia. Hata hivyo, lipo swali moja ambalo abiria ni nadra kuliuliza, nalo ni swali la afya: Je, huyu atakayeniongoza angani ni mzima?

Laonekana kuwa swali la utovu wa adabu. Lakini tazama ajali tatu, moja ya New Zealand na mbili za Marekani, ambazo kwa jumla ziliua watu 32 baada ya maputo kugonga nyaya za stima. Katika zote tatu wachunguzi walipoupima mwili wa rubani walipata kitu ambacho daktari yeyote angetaka kukijua kabla puto halijaondoka ardhini.

Chombo kisicho na usukani

Kwanza yafaa ujue kwa nini puto hugonga nyaya. Puto halina usukani wala breki. Rubani anaweza kupanda au kushuka tu, akitafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka. Upepo ukimsukuma kwenye nguzo, hawezi kupiga kona kama dereva wa matatu.

Isitoshe, puto ni zito. Lile la New Zealand lilikuwa na ujazo wa karibu mita 6,000 za hewa, na hewa hiyo peke yake ina uzito wa tani kadhaa, kuliko matatu iliyojaa abiria. Rubani anapowasha moto, huchukua sekunde kadhaa kabla ya hewa kupata joto la kutosha na mzigo huo wote kuanza kupanda. Kwa hivyo rubani hufanya uamuzi sasa, na matokeo huja baadaye. Akikawia kidogo kufikiri, amechelewa sana.

Nyaya zenyewe ni adui asiyeonekana. Waya mwembamba wa kijivu, jua likiwa chini asubuhi, hupotea machoni kabisa. Marubani hufundishwa kutafuta nguzo, si waya, na kukisia waya unapopita. Tena puto likitua huwa chini kabisa, kwenye mashamba na kando ya barabara, kwa sababu gari la kulifuata lazima lilifikie. Na kando ya barabara ndiko kampuni za umeme hupenda kupitisha nyaya zao.

Asubuhi ya Carterton

Mnamo Jumamosi, Januari 7, 2012, muda mfupi baada ya saa moja asubuhi, puto lililobeba abiria 10 na rubani mmoja lilikuwa likishuka karibu na mji mdogo wa Carterton, New Zealand. Hali ya hewa ilikuwa shwari. Rubani alikuwa mzoefu, anayezijua sehemu hizo.

Puto lilisukumwa kuelekea nyaya za volti 33,000. Hizo ni nyaya za kiwango kile kile ambacho hutumika hapa kwetu kupeleka stima kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa nguzo za kawaida. Rubani alipoona hatari, alifungua moto ili aruke juu ya nyaya. Hakuwahi. Kikapu kilinasa, cheche kubwa zikatoka na gesi ya mitungi ikashika moto. Abiria wawili waliruka wakafa. Moto huo ulizidi kuipasha hewa ya ndani, hivyo puto lilipochomoka kwenye waya lilipaa likiwaka, kisha kitambaa kikateketea na kikapu kikaanguka. Hakuna aliyenusurika.

Tume ya nchi hiyo inayochunguza ajali za uchukuzi ilieleza katika ripoti yake ya mwaka wa 2013 kwamba rubani alipaswa kufanya kinyume cha alivyofanya. Pindi anapotambua kwamba hawezi kukwepa nyaya, rubani hupaswa kuvuta kamba inayofungua sehemu ya juu ya puto, hewa moto itoke yote, na puto lidondoke. Aidha, anapaswa kufunga gesi na kuunguza ile iliyobaki mipirani kabla ya kugusana na waya.

Sababu yake ni rahisi. Waya ukikutana na kitambaa cha puto juu ya vichwa vya watu, madhara huwa madogo. Lakini ukikutana na kikapu, au na kamba za chuma zinazokishikilia kikapu, stima hupata njia, chuma huyeyuka na mitungi ya gesi hutobolewa. Kudondoka kutoka mita chache kutawavunja watu miguu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Sasa fikiria ni vigumu kiasi gani kwa binadamu kukumbuka hilo. Kila kiungo cha mwili hukuambia upae uondoke hapo. Ni akili iliyotulia tu, iliyokwisha kujizoeza, inayoweza kuuamuru mkono uvute kamba ya kuangusha chombo. Na akili ya kutulia ndiyo ya kwanza kuondoka mtu akiwa amechoka, amelewa au amemeza dawa za usingizi.

Vipimo vilionyesha kwamba rubani huyo alikuwa na chembechembe za bangi mwilini. Pia cheti chake cha afya kilikuwa kimepitwa na wakati tangu Novemba 2011, kwa hivyo asubuhi hiyo hakuwa na idhini ya kubeba abiria wa kulipa. Tume haikusema kwamba bangi ndiyo iliyowaua watu hao. Ilisema kwamba haiwezi kuuondoa uwezekano kuwa iliidhoofisha akili yake.

Wapo wanaodai kwamba bangi humtuliza mtu akafanya kazi vizuri zaidi. Waulize madaktari. Bangi hupunguza uwezo wa kukisia mwendo na umbali, hufanya wakati uonekane kama umesimama, na humfanya mtu ashindwe kuangalia mambo mawili kwa pamoja. Mtu anayeshusha puto huangalia upepo, moto, nguzo na mahali pa kutua kwa wakati mmoja.

Texas na Albuquerque

Ajali ya pili ilitokea karibu na mji wa Lockhart, jimbo la Texas, Julai 30, 2016. Ilikuwa Jumamosi pia, kabla ya saa mbili asubuhi. Kulikuwa na ukungu na mawingu ya chini. Mhudumu wa habari za hali ya hewa alikuwa amemdokezea rubani kwamba mawingu hayo yangeweza kumtatiza, lakini safari iliendelea. Puto lilipanda juu ya mawingu, na liliposhuka, rubani hakuweza kuona kilichokuwa chini. Liligonga nyaya za laini kuu ya umeme. Watu wote 16 walikufa. Hakuna ajali ya puto iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani.

Shirika la NTSB linalochunguza ajali nchini humo lilitoa matokeo yake Oktoba 2017. Lililaumu mazoea ya rubani ya kufanya maamuzi mabaya. Kisha likaongeza mambo mawili ambayo ukurasa wa afya hauwezi kuyapita. La kwanza, rubani alikuwa na maradhi kadhaa, yakiwemo huzuni ya muda mrefu na tatizo la kushindwa kuweka mawazo pamoja, na mwilini mwake mlikuwa na dawa zinazolegeza ubongo. Miongoni mwazo ni dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, dawa ya kutuliza wasiwasi, na dawa ya mzio yenye kuleta usingizi, iliyo ndugu wa ile Piriton ambayo wengi wetu huinunua dukani mafua yakitushika.

La pili, sheria ya Marekani wakati huo haikumtaka rubani wa puto la kulipiwa aende kwa daktari. Rubani wa ndege ya abiria wawili watatu alipimwa. Yule wa puto lenye watu 15 alitakiwa tu aseme mwenyewe kwamba hana ugonjwa anaoujua unaoweza kumzuia kazi.

Ni lazima tuseme wazi hapa: kuugua huzuni si aibu, na kumeza dawa ulizoandikiwa na daktari si kosa. Wako marubani wanaotibiwa na kurudi kazini. Kasoro ni kwamba hakuna daktari wa safari za angani aliyepata nafasi ya kumkagua mtu huyu na kumwambia: Pumzika kwanza. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha hali hiyo mwaka wa 2018, lakini kanuni yenyewe ilitangazwa Novemba 2022 na kuanza kutumika mwaka wa 2023. Miaka sita na zaidi kwa jambo la cheti!

Kabla ya hapo, tarehe 26 Juni 2021 (Jumamosi tena), puto liligonga nyaya mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico, mji ambao hujivunia tamasha la maputo kila Oktoba. Kikapu kilikatika, kikaanguka barabarani. Rubani na abiria wanne walikufa, na zaidi ya wateja 13,000 wakabaki bila umeme. Vipimo vya rubani vilionyesha bangi na kokeini. Kokeini ni kinyume cha bangi kwa namna yake: humpa mtu ujasiri usio na msingi, akajiona hawezi kukosea.

Stima inavyoujeruhi mwili

Wengi hudhani kwamba stima humwua mtu kwa kumuunguza ngozi. Ukweli ni mgumu zaidi, na ni vizuri kuujua hata kama hutapanda puto maishani.

Mkondo mdogo sana watosha kuua. Ukipitiwa na miliampia 10 hadi 20, misuli ya mkono hujikaza hata ukashindwa kuachilia ulichokishika. Ukifika kama miliampia 100 na kupita kifuani, moyo huacha kupiga kwa mpango, ukabaki ukitetemeka bila kusukuma damu. Linganisha na balbu ya kizamani ya wati 60 iliyoko jikoni: hiyo hutumia miliampia 250.

Nyaya za volti nyingi huua kwa njia nyingine vilevile. Kwanza ni cheche kubwa inayoruka, yenye joto la maelfu ya nyuzi, ambayo huwasha nguo na kuunguza uso hata kwa mtu ambaye hakugusa chochote. Pili ni mkondo unaopita ndani. Kwa nje utaona kidonda kidogo kama shilingi mkononi na kingine mguuni, na jamaa wakashukuru Mungu kwamba ni padogo. Kumbe njiani, kando ya mifupa, misuli imepikwa. Baada ya saa chache mkono huvimba ukawa mgumu kama ubao, na daktari hulazimika kuupasua ili damu ipite.

Misuli iliyokufa huachilia sumu zinazoziba figo. Dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au kokakola. Mgonjwa wa stima anayetoa mkojo wa namna hiyo yuko hatarini hata kama anaongea na kucheka nawe. Aidha, mshtuko wa misuli au kuanguka huweza kuvunja uti wa mgongo, na wengine waliojeruhiwa karibu na kichwa hupata mtoto wa jicho baada ya miezi au hata miaka.

Mbona basi ndege hutua juu ya waya asidhurike? Kwa sababu hugusa waya mmoja tu, na stima haina pa kwenda. Abiria aliye ndani ya kikapu kilichonasa anaweza kuwa katika hali kama ya ndege huyo. Hatari huja anapounganisha waya na kitu kingine: waya wa pili, nguzo, au ardhi.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Puto likining'inia kwenye nyaya na hakuna moto, baki ndani ya kikapu. Usiguse mitungi, wala fremu ya chuma, wala kamba za chuma. Usimpe mkono mtu aliye chini, na wala usiruke ati kwa sababu cheche zimekoma. Mitambo mingi ya umeme hujizima yenyewe inapopata hitilafu, kisha hujiwasha tena baada ya sekunde chache kujaribu kama hitilafu imekwisha. Waya ulionyamaza si waya uliokufa. Subiri hadi watu wa kampuni ya umeme wenyewe waseme kwamba wameuzima.

Ikiwa kuna moto na kikapu kiko karibu na ardhi, itakubidi utoke. Ruka mbali na kikapu, miguu yote miwili ikiwa pamoja, bila kushika kikapu huku ukikanyaga chini. Ukishafika ardhini usitimue mbio. Stima husambaa ardhini kama mawimbi kutoka pale waya unapogusa, na ukipiga hatua ndefu mguu mmoja huwa kwenye nguvu kubwa kuliko mwingine, hivyo mkondo hupanda mguu huu na kushuka ule. Sogea kwa kuburuta nyayo zikigusana, au kwa kurukaruka miguu ikiwa pamoja, hadi umefika mita 10 au zaidi. (Mkazi wa mjini aliyeangukiwa na waya akiwa ndani ya gari afanye vivyo hivyo.)

Huduma ya kwanza

Ukiwa wewe ndiwe uliye chini na unaona wenzako wamenaswa, kazi yako ya kwanza ni kutokufa. Kaa mita 10 au zaidi kutoka kwenye waya, puto au mtu anayeugusa, na uwazuie wengine. Usijaribu kumvuta mtu kwa ufito wa mbao. Mbao kavu hufaa kwa stima ya nyumbani, si kwa volti 33,000. Piga simu 999 au 112, na utake kampuni ya umeme ijulishwe mara moja.

Waya ukishazimwa, mtazame majeruhi kama anapumua. Asipopumua, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Moyo uliosimamishwa na stima mara nyingi ni moyo wa mtu mzima mwenye afya, na una nafasi ya kurudi. Usimkatie tamaa mapema.

Mahali palipoungua pamwagiliwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, si barafu. Vua pete, saa na bangili kabla mkono haujavimba. Kisha funika kwa kitambaa safi. Tafadhali achana na dawa ya meno, siagi, ute wa yai na unga. Madaktari hutumia muda mwingi kuviondoa vitu hivyo huku mgonjwa akilia. Ikiwa alianguka, usimkunje shingo wala mgongo.

Kila aliyeguswa na volti nyingi apelekwe hospitali, hata akidai kwamba yuko sawa, apimwe moyo kwa mashine na mkojo wake uangaliwe. Kutoka Mara hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ni mwendo wa saa nyingi kwa gari, ndiyo maana majeruhi wa mbuga mara nyingi husafirishwa kwa ndege, zikiwemo zile za madaktari wa AMREF zilizoko Uwanja wa Wilson. Uliza kabla ya kupanda kama tikiti yako ina bima ya safari hiyo.

Miguu ndiyo huumia zaidi

Tusije tukasahau ajali ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza ajali 78 za maputo ya watalii zilizotokea Marekani kati ya 2000 na 2011. Waliohusika walikuwa watu 518. 91 walijeruhiwa vibaya na watano wakafa. Asilimia 81 ya ajali zilitokea wakati wa kutua. Zaidi ya nusu ya majeraha makubwa yaliyoelezwa yalikuwa mivunjiko ya miguu, na vifo vyote vitano vilihusu puto kugonga kitu kilichosimama.

Kwa hivyo rubani akikuambia ukae mkao wa kutua, usiendelee kupiga picha. Kunja magoti kidogo, egemeza mgongo kwenye ukuta wa kikapu ulio upande wa mwendo kama anavyoelekeza, shika kamba za ndani, na usitoe mkono nje. Kikapu kinaweza kuburutwa au kulala ubavu. Usitoke hadi uambiwe: mtu mmoja akiruka, puto huwa jepesi na wenzake hupaa tena. Mwenye mimba, aliyefanyiwa upasuaji wa goti au nyonga karibuni, na mzee mwenye mifupa dhaifu wamwone daktari kwanza, na wengi wao wataambiwa wabaki chini.

Maswali ya kuuliza

Turudi kwa rubani. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa angani, ICAO, zinamtaka rubani wa puto awe na cheti cha afya cha daraja la pili, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa. Kenya ni mwanachama, na hapa nchini anayetoa leseni ni Halmashauri ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Wewe si mkaguzi, lakini unaweza kuuliza kwa adabu unapolipa ofisini: Je, marubani wenu wana vyeti vya afya ambavyo havijapitwa na wakati? Mna utaratibu gani kuhusu pombe na dawa? Kampuni nzuri haitakasirika. Ikicheka au ikikujibu kwamba hayakuhusu, umekwisha kujibiwa.

Asubuhi yenyewe mtazame kama unavyomtazama dereva wa basi la usiku. Je, macho ni mekundu? Ananuka pombe? Anasinzia, au anaongea kupita kiasi? Marekani sheria humkataza rubani kuongoza chombo kabla ya muda wa saa 8 kupita tangu anywe, na kazi ya puto huanza kabla ya mapambazuko, kwa hivyo chupa ya saa sita usiku bado imo damuni. Muulize pia: Leo upepo unatupeleka wapi, na nyaya ziko wapi? Ndani ya mbuga nguzo ni chache, lakini nje yake miji na kambi zinakua na stima inazifuata. Rubani mzima, aliyelala vizuri, atakuonyesha kwa kidole bila kufikiri mara mbili.

Liko pia jambo linalomhusu abiria. Uamuzi mbaya wa rubani mara nyingine husukumwa na sisi tunaonung'unika. Tumelipa, tumeamka saa tisa, kesho tunarudi Nairobi, na rubani anasema kuna ukungu. Anaanza kutafuta njia ya kutufurahisha. Kabla ya kulipa, soma yale maandishi madogo kwenye tikiti ujue kama safari ikifutwa utarudishiwa pesa au utapewa siku nyingine, na ukiweza panga kulala siku mbili badala ya moja. Hapo rubani akisema leo hatupandi, utaweza kumwambia asante na kurudi hemani kulala.